Mgonjwa Anapokwenda Kuoga Maji Moto: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

1. kueleza maji ya moto hutoka wapi ardhini na huufanyia nini mwili wa binadamu;
2. kuwatambua wagonjwa wanaohitaji tahadhari kubwa, au wasiopaswa kabisa kuingia katika maji hayo;
3. kutaja hatari zilizomo ndani ya maji, kando ya maji na njiani;
4. kumjibu mgonjwa anayetaka kwenda kwenye chemchemi bila kumdharau na bila kumdanganya.

Kisa cha kufundishia

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Wahusika wake si watu halisi.

Mama wa miaka 58, mkulima na mfugaji wa kata ya Nyanungu katika wilaya ya Tarime, alifika zahanati kuchukua dawa zake za mwezi. Ameishi na kisukari kwa miaka 11 na shinikizo la juu la damu kwa miaka 6. Hutumia metfomini na amlodipini. Kwa mwaka mzima amekuwa akisema kwamba magoti yanamuuma, na kwamba nyayo zake zimekuwa kama za mtu mwingine: hukanyaga changarawe asijue. Alipokwisha kupewa dawa, binti yake aliuliza kama ingefaa kumpeleka mama Majimoto, upande wa Serengeti, akaoge siku tatu kama walivyofanya majirani.

Mhudumu alikuwa na foleni ndefu. Alicheka kidogo, akasema, "Mama, hayo ni mambo ya kizamani. Wewe meza dawa zako." Mama akaitikia, "Sawa, mwanangu," akaaga na kuondoka.

Wiki tatu baadaye alirudi akiwa ameshikwa mkono. Wayo wa mguu wa kulia ulikuwa na kidonda kipana chenye usaha. Kilianza kama malengelenge aliyoyaona jioni baada ya kuoga, asielewe yametokea wapi, kwa kuwa hakuhisi maumivu yoyote. Sukari yake ilikuwa milimoli 21 kwa lita. Vidonge vya mwezi vilikuwa nyumbani, karibu vyote, kwani njiani msafiri mwenzake alimwambia kwamba maji yale hayachanganywi na dawa za hospitali.

Maswali ya kidaktari juu ya kidonda hicho ni mengi. Somo hili linarudi nyuma, kwenye ile dakika moja ambayo binti aliuliza swali na mhudumu akacheka.

Maji hupata wapi joto lake

Majimoto ni kata ya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, na jina lake linatokana na chemchemi. Si peke yake. Jina hilo limetapakaa Tanzania na Kenya, kuanzia Manyara na Katavi hadi Narok, kwa kuwa kila jamii iliyokuta maji yakitoka ardhini yakiwa ya moto iliyaita kwa sifa yake ya kwanza.

Watu wengi hudhani kwamba maji hayo hupikwa na volkano. Mara nyingine ni hivyo, lakini si lazima. Kadiri mtu anavyokwenda chini ya ardhi ndivyo miamba inavyozidi kuwa ya moto. Kwa wastani, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi kwa kila kilomita moja ya kina. Maji ya mvua hupenya polepole katika nyufa za miamba, huzama, hupata joto, kisha hupanda juu mahali ambapo ufa mkubwa wa ardhi umeyafungulia njia. Katika safari hiyo, ambayo yaweza kuchukua miaka mingi sana, maji huyeyusha madini ya miamba yanayopita. Ndiyo maana chemchemi moja hunuka kama yai viza, nyingine huacha chumvi nyeupe kando yake, na nyingine hazina harufu wala ladha.

Jina la chemchemi halimwambii mgeni kiwango cha joto lake. Chemka, karibu na Moshi, hutajwa na watalii kuwa chemchemi ya maji moto, lakini maji yake ni ya kuogelea bila shida. Kando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya, maji huchemka na kurusha mvuke. Hata katika chemchemi moja, jichoni maji yanaweza kumbabua mtu, na hatua chache tu kutoka hapo yakawa vuguvugu. Kwa hiyo anayesema "mimi nilioga pale, hapana neno" amesema habari ya sehemu aliyosimama yeye, kwa siku ile.

Kwa nini watu huenda

Mhudumu wa afya anayetaka kusikilizwa na mgonjwa aanze kwa kukubali kwamba desturi hii ina sababu. Huko Kitagata, magharibi mwa Uganda, zipo chemchemi mbili za maji moto. Moja hujulikana kuwa ilikuwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Nyingine, inayoogewa na wananchi, wenyeji wameiita Mulago, jina la hospitali kuu ya taifa iliyoko Kampala. Jina hilo linaeleza mengi kuliko hotuba: waogaji hawaendi kustarehe tu, wanakwenda wakiwa wagonjwa, na wanayatazamia maji yale kama wanavyoitazamia hospitali.

Sehemu ya matarajio hayo ina msingi wa kisayansi. Mtu aliyezama ndani ya maji hadi shingoni hubebwa na maji, na miguu yake huhisi takribani sehemu moja tu ya kumi ya uzito wake. Goti lililochakaa hupumzika. Joto hulegeza misuli iliyokaza na kupanua mishipa ya damu ya ngozi. Mgonjwa wa baridi yabisi ambaye asubuhi alishindwa kukunja magoti huweza kuyakunja akiwa majini. Utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha nafuu ya kiasi kwa maumivu ya viungo na kwa baadhi ya magonjwa ya ngozi, ingawa tafiti nyingi zilihusisha watu wachache.

Nafuu hiyo ni ya kweli na ni ya muda. Maji ya moto hayashushi sukari ya mgonjwa wa kisukari kwa namna ya kumtosheleza, hayaui virusi vya UKIMWI, hayaponyi kifua kikuu wala saratani. Mgonjwa akiujua mpaka huo anaweza kuifurahia nafuu bila kuiuzia uhai wake.

Tanzania imekwisha kulipia somo hili. Mwaka 2011 maelfu ya wagonjwa walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Wako waliotolewa hospitali wakiwa mahututi, na wako walioacha dawa za kisukari na za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Walioumia zaidi hawakuumizwa na kinywaji. Waliumizwa na dawa walizoziacha.

Mwili ndani ya maji ya moto

Mtu mwenye afya anapoingia katika maji ya nyuzi 38 hadi 40, mishipa ya ngozi hupanuka, moyo huongeza mapigo, na jasho hutoka hata kama halionekani. Uzito wa maji hukandamiza miguu na tumbo na kusukuma damu kuelekea kifuani. Anaposimama ghafla kutoka majini, kandamizo hilo huondoka, damu hushuka miguuni, na shinikizo la damu huanguka. Kijana huona kizunguzungu kidogo, kikapita. Mzee anayetumia dawa za kushusha shinikizo la damu au za kupunguza maji mwilini anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga, au kuzama. Japani, ambako kuoga maji ya moto ni desturi ya kila nyumba, vifo vya wazee ndani ya maji ya kuogea ni tatizo linalojulikana la afya ya jamii.

Joto lenyewe huunguza kwa haraka kuliko watu wanavyodhani. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina ndani ya sekunde chache. Maji ya nyuzi 49 huhitaji dakika kadhaa, na ngozi ya mtoto au ya mzee huhitaji muda mfupi zaidi. Kinachomwokoa mtu mwenye afya ni maumivu: hutoa mguu kabla ngozi haijaharibika. Mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa ya fahamu ya miguu imekufa ganzi hana kinga hiyo. Hukaa majini akijihisi salama huku ngozi ikipikwa. Hicho ndicho kilichompata mama wa Nyanungu.

Wanaohitaji tahadhari

Wafuatao wasiingie katika maji ya moto:

Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi ya miguu asitie miguu katika chemchemi ambayo joto lake halijapimwa.

Mgonjwa wa moyo ambaye hali yake haijatulia, mwenye maumivu ya kifua, mwenye kuvimba miguu na kukosa pumzi, au aliyepata kiharusi au shambulio la moyo hivi karibuni.

Mjamzito, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Joto la mwili likipanda na kubaki juu ya nyuzi 39, hatari ya mtoto kupata kasoro ya uti wa mgongo na ubongo huongezeka.

Mtoto mchanga na mtoto mdogo, kwa kuwa mwili wake hupata joto upesi na hawezi kusema.

Mwenye homa, mwenye kidonda kilicho wazi, mwenye kuharisha, na aliyekunywa pombe.

Mwenye kifafa ambacho hakijadhibitiwa, kwa hatari ya kuzama.

Anayetumia insulini awe na tahadhari ya pekee. Ngozi ikipata joto, insulini iliyochomwa hufyonzwa haraka, na sukari inaweza kushuka kwa ghafla. Asioge maji ya moto mara tu baada ya kujichoma, awe amekula, na awe na sukari au juisi karibu. Chupa ya insulini isiachwe ndani ya gari wala juani. Mahali pasipo na jokofu, mtungi wa udongo wenye maji husaidia kuitunza katika ubaridi.

Kupima ganzi bila kifaa

Zahanati nyingi hazina uzi maalumu wa nailoni wa kupimia ganzi. Kidole cha mhudumu kinatosha. Mgonjwa alale au akae, afumbe macho, na aelezwe kusema "kulia" au "kushoto" kila anapoguswa. Mhudumu aguse kwa wepesi, kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba cha mguu, kisha kidole cha kati, kisha kidole cha mwisho. Afanye hivyo kwa miguu yote miwili. Asisukume, asipapase. Mgonjwa akishindwa kuhisi mahali pawili au zaidi kati ya sita, miguu hiyo ihesabiwe kuwa na ganzi. Kipimo hiki huchukua muda mfupi kuliko kuandika kadi.

Vilivyomo ndani ya maji

Maji ya vuguvugu yanayotuama huwapenda viumbe fulani. Mmoja wao ni amiba aitwaye Naegleria fowleri, anayeweza kuishi katika maji yasiyo na chumvi hadi nyuzi 46 hivi. Ukimnywa hakudhuru, hudhuru anapoingia puani kwa nguvu, mtu anapopiga mbizi au kujirusha majini. Hupanda hadi kwenye ubongo na kuleta maumivu makali ya kichwa, homa, shingo kukaza na kuchanganyikiwa, ndani ya siku 1 hadi 12. Ugonjwa huu ni adimu sana, lakini karibu kila aupataye hufa. Kinga yake ni rahisi: kichwa kibaki juu ya maji. Mhudumu anayempokea mgonjwa mwenye dalili za homa ya uti wa mgongo amuulize kama aliogelea katika maji ya vuguvugu.

Kichocho ni hatari iliyo karibu zaidi. Konokono wanaobeba kichocho hawaishi katika maji ya moto sana, na kwa sababu hiyo watu huamini kwamba kijito chote ni salama. Maji yakitiririka hupoa, yakakutana na majani na matope, na huko konokono hustawi. Lava wa kichocho hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Mkoa wa Mara, ulio kando ya Ziwa Viktoria, unaufahamu ugonjwa huu. Aliyeoga katika sehemu iliyopoa akapime choo na mkojo wiki sita hadi nane baadaye, prazikwanteli hutibu.

Kuna wanaokunywa maji ya chemchemi na kuyabeba nyumbani katika madumu. Maji kutoka ardhini yanaweza kuwa na floridi nyingi, hasa katika maeneo ya Bonde la Ufa na kandokando yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyopita kiwango hicho huota meno yenye madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa zaidi kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kupinda. Kuchemsha hakuondoi floridi. Kunapunguza maji na kuiacha floridi palepale, hivyo yaliyobaki huwa nayo zaidi. Tena, mahali ambapo watu huoga, hufua na hunywesha ng'ombe, maji safi machoni yanaweza kubeba homa ya matumbo na kipindupindu. Maji ya kunywa msafiri achukue kutoka nyumbani au kwenye kisima kilichopimwa.

Safari yenyewe

Nyanungu iko karibu na mpaka wa Kenya na pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Mto Mara hutenganisha upande wa Tarime na upande wa Serengeti. Anayekwenda Majimoto kutoka huko lazima auvuke mto huo. Mto una mamba na viboko. Uvukwe darajani, na wala watu wasioge kingoni mwake jioni. Wakati wa mvua barabara za udongo huharibika, na saa mbili huweza kuwa saa sita. Hospitali kubwa ziko Tarime mjini, Mugumu na Musoma. Familia ijue kabla ya kuondoka ni ipi iliyo karibu na mahali itakapolala, na nani atawasafirisha usiku.

Malaria ipo. Chandarua chenye dawa kifungwe pamoja na nguo. Maeneo ya hifadhi yana mbung'o, na malale bado yapo katika ikolojia ya Serengeti. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea mbuga za kaskazini mwa Tanzania waliugua ugonjwa huo. Msafiri aliyerudi na homa apimwe malaria. Kipimo kikiwa hasi na homa ikaendelea, au kukiwa na uvimbe mwekundu mahali alipoumwa na mbung'o, mhudumu akumbuke malale na aombe damu itazamwe kwa hadubini. Aliyeng'atwa na mbwa au mnyama wa porini aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende siku hiyohiyo kupata chanjo ya kichaa cha mbwa.

Akibabuka

Apelekwe mara moja kwenye maji safi ya baridi ya kawaida, yamiminwe juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Pete, viatu na soksi vivuliwe kabla ya uvimbe. Malengelenge yasitobolewe. Pasipakwe dawa ya meno, mafuta, asali wala samadi. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa afike kituo cha afya siku hiyo, akaulizwe pia chanjo ya pepopunda. Kwa mgonjwa wa kisukari, lengelenge moja mguuni ni dharura, hata kama haliumi. Hasa kama haliumi.

Kuirudia ile dakika moja

Turudi zahanati. Foleni ni ileile, mama ni yuleyule, na binti ameuliza swali lake. Safari hii mhudumu anavuta kiti.

"Mama, mnatarajia kwenda lini?"

"Tukishavuna mahindi, mwanangu."

"Ungependa maji hayo yakusaidie nini?"

"Magoti. Usiku silali."

"Umekwisha kutueleza habari za magoti?"

"Nimeeleza mara nyingi. Nikapewa dawa za sukari."

Katika maneno hayo machache mhudumu amepata asichokipata kwa mwaka mzima. Mama hakuikataa hospitali. Alileta maumivu, yakaandikwa kwenye kadi, na hakuna aliyeyashughulikia. Majirani wakampa jibu ambalo zahanati haikumpa. Mhudumu anaweza sasa kuyatazama magoti hayo. Anaweza kumpa parasetamoli kwa kipimo, na kumweleza asinunue diklofenaki dukani, kwa kuwa dawa za aina hiyo huweza kuharibu figo za mtu mwenye kisukari na shinikizo la damu. Anaweza kumfundisha zoezi la kunyoosha goti akiwa amekaa, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Anaweza kumwonyesha binti namna ya kukanda magoti nyumbani kwa kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya vuguvugu, joto likipimwa kwanza kwa kiwiko cha binti. Kisha anavua viatu vya mama na kugusa vidole sita.

Mama anahisi viwili tu. Mhudumu anamweleza: "Miguu yako haikuambii tena kama kitu ni cha moto. Kwa hiyo miguu isiingie katika chemchemi. Ukienda na wenzako, kaa kando, mwanao achote maji kwenye ndoo, yachanganywe na ya baridi mpaka yawe vuguvugu, ayapime yeye, akukande magoti. Usivue viatu. Jioni aangalie nyayo zako kwa taa. Na dawa zako mnabeba, unameza kila siku kama hapa. Hakuna maji yanayogombana na vidonge hivi."

"Niliambiwa yanagombana," anasema mama.

"Nimekuambia mimi ninayekupa vidonge, kwamba hayagombani."

Mazungumzo hayo yamechukua kama dakika nane. Mama anaweza kwenda au asiende. Akienda, atakwenda na dawa mkobani na viatu miguuni, na akipata tatizo atarudi mapema, kwa sababu hakuchekwa. Mhudumu hakusema kwamba chemchemi inaponya. Hakusema pia kwamba majirani ni wajinga. Alisema ukweli anaoujua juu ya miguu ya mama huyu.

Kwa mgonjwa na familia

Kabla ya kwenda, mweleze mhudumu wako, si kosa. Beba dawa za siku zote za safari na tatu za ziada, na kadi yako ya kliniki. Usiache dawa hata siku moja. Maji yapimwe na mtu asiye na ganzi, kwa kipimajoto au kwa kiwiko. Yakizidi nyuzi 40 usiingie, na ukiingia usizidishe dakika 15. Usioge peke yako. Kunywa maji safi kabla na baada. Inuka polepole. Kichwa kisizame. Ukirudi na homa, kidonda au kichwa kuuma sana, sema kwamba ulikwenda kwenye chemchemi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mama wa kisa hakutoa mguu majini?
2. Mgonjwa anasema maji ya chemchemi yakichemshwa huwa salama kwa mtoto kunywa. Utamjibuje?
3. Kijana amerudi kutoka kwenye chemchemi siku nne zilizopita. Ana homa, shingo imekaza, amechanganyikiwa. Utauliza nini?
4. Je, kijito cha maji moto kinaweza kuwa na kichocho?
5. Ni swali gani la kwanza la kumuuliza mgonjwa anayetaka kwenda kuoga maji moto?

Majibu

1. Kisukari kilikuwa kimeua hisia za miguu, hivyo hakusikia maumivu ya kumwonya.
2. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Mtoto apewe maji kutoka chanzo kilichopimwa.
3. Kama aliogelea au alipiga mbizi na maji yakaingia puani; apewe rufaa ya haraka huku matibabu ya homa ya uti wa mgongo na kipimo cha malaria vikifanyika.
4. Ndiyo, katika sehemu ambazo maji yamekwisha kupoa.
5. Anataka maji hayo yamsaidie nini. Jibu lake ndilo lalamiko ambalo huenda kituo hakijalitibu.